Shika Hesabu, Maneno Yatafuata: Namna ya Kusoma Maelekezo ya Kroshia

  

Mada yangu ni ile karatasi ya maelekezo ya kufuma. Siku hizi inatufikia kwa njia nyingi: picha ya ukurasa iliyorushwa kwenye kundi la WhatsApp, jarida kuukuu lililokuja na mzigo wa mtumba, au mtindo ulioshushwa kwenye simu ya mtoto aliyeko chuo. Fundi aliyezoea kufuma vitambaa vya makochi tangu ujana wake, anayetazama ua la jirani mara moja na kulitoa nyumbani kwake usiku uleule, anapewa ukurasa huo. Anasoma mistari miwili, anaurudisha. "Haya ni ya waliosoma," anasema.

Nimekuja kulipinga neno hilo. Maelekezo ya kufuma ni hesabu iliyoandikwa kwa maneno na vifupisho. Maneno hubadilika kutoka nchi hadi nchi na kutoka mwandishi hadi mwandishi, lakini hesabu yake lazima ikubali, kwa sababu uzi haudanganyi. Kwa hiyo maneno yakikupoteza, shika hesabu. Hiyo ndiyo hoja yangu yote, na yanayofuata ni kuionyesha kwa vitendo.

Kusoma kwa ajili ya kazi

Wazo la kusoma huku mkono uko kazini si geni katika kanda hii. Mwaka 1968 Serikali ya Tanzania kwa kushirikiana na UNESCO ilianzisha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa iliyozunguka Ziwa Viktoria, Shinyanga ikiwemo. Sehemu kubwa ya eneo letu ilikuwa Shinyanga mpaka Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Vitabu vya mradi ule vilimfundisha mtu mzima kusoma kupitia shughuli aliyoijua tayari: kilimo cha pamba, migomba, uvuvi, ufugaji, maarifa ya nyumbani. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Msingi wa kazi ile ulikuwa kwamba mkulima wa pamba haanzi sifuri anapofungua kitabu cha pamba. Nusu ya maana anayo kichwani. Fundi wa kroshia naye ni hivyohivyo. Akisoma "ongeza" au "punguza", vidole vyake vinajua kinachosemwa kabla macho hayajamaliza mstari.

Kwa nini basi anakwama? Tuwatazame waliotuandikia. Mitindo ya kroshia ilianza kuchapishwa Ulaya katika miaka ya 1820, katika jarida la Kiholanzi lililoitwa Penélopé. Miaka ya 1840 mama mmoja wa London, Eléonore Riego de la Branchardière, alianza kutoa vitabu vya mitindo mfululizo. Njaa kuu ilipoikumba Ireland kuanzia mwaka 1845, familia nyingi kule ziliponea kwa kuuza lesi za kroshia. Vitabu vya enzi zile viliandikwa kwa mkato mkubwa. Mwandishi alidhani msomaji ana mazoea yaleyale aliyo nayo yeye, akaacha kuyataja. Tabia hiyo haijaisha. Mpaka leo mtindo unaweza kukuambia "fanya hivyo mpaka mwisho" bila kukuambia mwisho unautambuaje.

Wakulima mlioko hapa mnalifahamu tatizo hili kwa upande mwingine. Bodi ya Pamba ilipohimiza nafasi ya sentimita 60 kwa 30 badala ya 90 kwa 40, namba zilifika kijijini haraka kuliko maelezo. Sitini ni kati ya mstari na mstari, au kati ya shimo na shimo? Aliyezoea haulizi, na asiyezoea anaweza kupanda shamba zima kinyume. Namba haikuwa na kosa. Kilichokosekana ni kusema inapima nini. Maelekezo ya kroshia yanakosewa palepale.

Herufi mbili, mishono miwili

Tuanze na mtego ulioharibu nyuzi nyingi kuliko wowote. Humu ndani nitatumia majina ya wazi: cheni, mshono mfupi, mshono wa kati na mshono mrefu. Mshono mfupi unaingiza sindano, unavuta uzi, unabaki na vitanzi viwili, unavuta mara moja kupita vyote. Mshono mrefu unazungusha uzi kwanza, unaingiza sindano, unavuta, unabaki na vitanzi vitatu. Unavuta kupita viwili, kisha unavuta tena kupita viwili.

Sasa, katika maelekezo ya Kiingereza kuna kifupisho dc. Mwandishi wa Marekani akiandika dc anamaanisha mshono mrefu. Mwandishi wa Uingereza akiandika dc anamaanisha mshono mfupi. Herufi ni zilezile, sindano ni ileile, kitu kinachotoka ni kingine kabisa. Mshono mfupi Mmarekani anauandika sc, na mshono mrefu Mwingereza anauandika tr. Tena Mmarekani naye ana tr yake, ambayo ni ndefu zaidi.

Ukitaka kukumbuka bila kukariri orodha, tazama kila mmoja anahesabu nini. Majina ya Kiingereza cha Uingereza yanalingana na vitanzi vilivyoko kwenye sindano kabla hujaanza kufunga: mfupi, yaani double, una viwili, mrefu, yaani treble, una vitatu. Majina ya Marekani yanalingana na mara unazovuta uzi kufunga: mfupi, yaani single, mara moja, mrefu, yaani double, mara mbili. Wote wawili wanahesabu sawasawa, ila kila mtu na kitu chake.

Tanzania tuko katikati ya wawili hawa. Vitabu vya zamani vilivyopita katika shule za misheni na vilabu vya akina mama vilifuata zaidi Uingereza. Mitindo inayojaa kwenye simu leo mingi inafuata Marekani. Mama na binti yake wanaweza kukaa mkeka mmoja, kila mmoja na karatasi yake, wakabishana kuhusu dc mpaka jua lizame, na wote wakawa na haki.

Utajuaje karatasi yako imetoka upande gani? Usitafute bendera, tafuta namba. Ukiona sc popote, ni ya Marekani, maana Uingereza haina kifupisho hicho. Usipoiona, tazama cheni za kugeuzia mwanzoni mwa mstari. Mshono mfupi huanzwa na cheni 1, wa kati cheni 2, mrefu cheni 3. Kwa hiyo mstari unaoanza na cheni 3 kisha dc, hiyo dc ni ndefu na mwandishi anafuata Marekani. Mstari unaoanza na cheni 1 kisha dc, hiyo ni fupi na mwandishi anafuata Uingereza. Kimo cha cheni kimekwambia alichokuwa akifuma.

Mstari mmoja, hatua kwa hatua

Nimewaandikia ubaoni mstari mmoja, nimeuweka kwa Kiswahili:

*Mstari wa 2: cheni 3 (zinahesabiwa mshono mrefu 1), \*ruka mshono 1, mirefu 2 katika unaofuata, rudia kutoka \* hadi ubaki mshono 1, mrefu 1 katika wa mwisho. Geuza. (mishono 32)*

Kwa macho ni msitu. Usianze na sindano, anza na kalamu.

Namba ya mwisho, 32, ndiyo hakimu. Ni idadi ya mishono utakayokuwa nayo mstari ukiisha. Sasa hesabu mstari wa chini unadai mishono mingapi. Cheni 3 za mwanzo zimesimama juu ya mshono wa kwanza. Huo umekwisha kutumika. Kila marudio ya nyota yanakula miwili: mmoja umerukwa, mmoja umefumwa. Mwisho unahitaji mmoja. Ukiwa na 32, toa wa kwanza na wa mwisho, inabaki 30. Gawanya kwa 2, unapata marudio 15. Sasa hesabu unachopata juu: 1 wa cheni, marudio 15 yenye mirefu 2 kila moja ni 30, na 1 wa mwisho. Jumla 32. Hesabu imefunga, mtindo ni mzima, chukua sindano.

Fundi asiyejali maneno yaliyo kwenye mabano, kwamba cheni 3 zinahesabiwa mshono, atafanya nini? Ataanza kuruka ule mshono wa kwanza, uliokwisha kukaliwa na cheni. Atakwenda vizuri mstari mzima, mara 15, kisha afike mwisho akute imebaki miwili badala ya mmoja. Atadhani mtindo una kosa. Wengine hapo huongeza chochote ili pafunike, na kosa linahamia mstari wa juu. Ukijua hesabu, ile mishono miwili iliyobaki inakupeleka moja kwa moja mahali pa kosa, nalo liko mwanzoni mwa mstari.

Kuna ndugu wa kosa hili anayewasumbua wengi: kitambaa kinachoanza kipana na kuisha chembamba kama pembetatu. Mshono wa mwisho wa mstari unakaa juu ya zile cheni 3 za mstari uliopita, nazo zimejificha ukingoni. Ukizisahau, kila mstari unapoteza mmoja: 32, 31, 30. Kufikia mstari wa kumi hakuna tena kitambaa cha kochi. Dawa yake ni kuhesabu mwisho wa kila mstari, wala si kila mistari mitano. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mishono ni mali.

Nyota na mabano vina kazi zake. Nyota inakuonyesha marudio yanapoanzia. Mabano yana kazi tatu, na huchanganya kwa sababu yanafanana. Mara ni maelezo tu, kama pale juu. Mara yanakusanya mishono inayoingia yote katika tundu moja. Mara yanataja saizi: ukiona "cheni 68 (74, 80, 86)" kwenye sweta, hizo ni saizi nne, ndogo ikiwa nje ya mabano. Kabla hujafuma, chukua kalamu uzungushie duara namba ya saizi yako kila inapotokea, kutoka mwanzo wa karatasi hadi mwisho. Anayechagua namba huku anafuma ataishia na kifua cha saizi kubwa na mkono wa saizi ndogo.

Duara linasema kweli

Kwenye kazi za mviringo, yaani vitambaa vya meza, kofia na mikoba, hesabu inakuwa na nguvu zaidi, kwa sababu maumbile yenyewe yanaisimamia.

Tulifundishwa shuleni kwamba mzingo wa duara ni kipenyo mara 22 kwa 7. Maana yake kila nusu kipenyo kinapokua kwa kimo kimoja, ukingo unadai nyongeza ya vimo 6 na kidogo. Mshono mfupi kimo chake kinakaribia upana wake. Ndiyo sababu duara la mishono mifupi huanza na 6 na kuongeza 6 kila mzunguko: 6, 12, 18, 24. Mshono mrefu una kimo cha karibu mara mbili, basi duara lake huanza na 12 na kuongeza 12: 12, 24, 36, 48. Mikono hutofautiana, na wapo wanaoanza na 8 au 11, lakini wote wanazungukia hapo.

Hebu turudi kwa dc yetu yenye utata. Karatasi inasema mzunguko wa kwanza dc 6, wa pili 12, wa tatu 18? Hiyo ni fupi, mwandishi anafuata Uingereza. Inasema 12, 24, 36? Ni ndefu, anafuata Marekani. Na kama ulikosea ukafuma tayari, kazi yenyewe itakupa taarifa. Ukifuma mifupi mahali palipotakiwa mirefu, mishono inazidi nafasi na ukingo unajikunja mawimbi. Ukifuma mirefu mahali pa mifupi, mishono inapungukiwa na kitambaa kinainuka kama bakuli. Kabla hujafumua, soma umbo: mawimbi ni ziada, bakuli ni upungufu.

Wakati mwingine bakuli ndilo linalotakiwa. Kofia huanza ikiwa duara bapa. Kichwa cha sentimita 56 kinataka duara la kipenyo cha kama sentimita 18, maana 56 ukigawa kwa 22 kwa 7 unapata hapo. Likifika, maelekezo yatasema uendelee bila kuongeza, na ukuta wa kofia utashuka wenyewe. Mawimbi nayo yana heshima yake. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, alifuma kwa kroshia vitu vya mawimbi kwa kuongeza mishono kwa kanuni moja isiyobadilika, wanafunzi wakashika kwa mikono jiometri ya mawimbi hayo.

Sindano, mkono na kipimo

Yapo mambo mawili ambayo karatasi huyataja juu kabisa, nasi huyaruka tukikimbilia mstari wa kwanza.

La kwanza ni namba ya sindano. Namba 8 ya mfumo wa zamani wa Uingereza ni milimita 4. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Tena mifumo hii inakwenda kinyume: ile ya Uingereza namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, ya Marekani namba ikipanda sindano inanenepa. Na sindano za chuma za lesi, hata za Marekani, zinarudi kwenye desturi ya namba kubwa kuwa nyembamba. Achana na namba zote hizo, fuata milimita. Kama sindano yako imefutika maandishi, ipime kwa rula pale kwenye shina, siyo kwenye ncha.

La pili ni mkazo wa mkono. Karatasi inasema mishono 16 kwa sentimita 10. Wewe mkono wako unakaza, unapata 18. Tofauti ya miwili inaonekana ndogo. Lakini mwili wa sweta wenye mishono 160, ambao mwandishi aliukusudia uwe sentimita 100 kuzunguka kifua, kwako utatoka kama sentimita 89. Mteja hatafunga vifungo. Fuma kipande cha majaribio kinachozidi kidogo sentimita 10, kipime katikati, siyo ukingoni. Mishono ikizidi, chukua sindano nene zaidi, ikipungua, nyembamba. Uzi wa pamba haunyumbuki kama wa sufu, hivyo hausamehe. Sisi ni mkoa wa pamba, na kila msimu tunaiona ikiondoka ikiwa robota. Ikirudi mikononi mwetu ikiwa uzi, tuipe heshima ya kupimwa.

Mchoro

Kwa aliyezoea kuiga kwa macho kuna njia ambayo haina Uingereza wala Marekani: mchoro wa alama. Vitabu vya Kijapani vinautumia sana, na Japani imeziwekea alama hizo kiwango cha kitaifa. Kiduara kirefu ni cheni. Msalaba au alama ya kujumlisha ni mshono mfupi. T tupu ni mshono wa kati. T yenye mkato mmoja ni mshono mrefu, na kila mkato unaoongezeka ni mzunguko mmoja zaidi wa uzi kabla ya kuingiza sindano. Alama tatu zikichipuka mahali pamoja, ni mishono mitatu katika tundu moja. Hapo fundi anayejua kutazama ua la jirani ametajwa kwa jina lake. Ujuzi ule wa kutazama na kuhesabu, ambao wengine wameudharau kuwa si kusoma, ni kusoma kamili.

Tuandike yetu

Vikundi vyetu vinachukua oda, na vingine vimekopa fedha za asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Oda ya seti kumi za vitambaa vya makochi haifumwi na mtu mmoja. Ikigawanywa kwa mama watatu walioangalia sampuli moja, kila mmoja akakadiria, seti zinatofautiana na mteja anakataa nusu ya mzigo. Karatasi moja iliyoandikwa vizuri inaokoa fedha hizo.

Karatasi hiyo iwe na mambo sita. Unene wa sindano kwa milimita. Aina ya uzi. Idadi ya mishono kwa sentimita 10. Ukubwa wa kitambaa kikiisha. Maana ya kila jina la mshono, kwa maelezo ya vitanzi kama nilivyofanya leo, ili Maswa na Meatu wasigombane kama London na New York. Na mwisho wa kila mstari, jumla ya mishono, pamoja na kusema kama cheni za kugeuzia zimehesabiwa.

Jipimeni hivi: mpeni karatasi mwanakikundi ambaye hajaiona sampuli, nyamazeni, msimwelekeze kwa mdomo. Akikwama, msimlaumu, wekeni alama mahali alipokwama, kisha sahihisheni karatasi. Akimaliza na kitambaa chake kikalingana na sampuli kwa mishono na kwa sentimita, karatasi imeiva na inaweza kutumwa Itilima au Busega bila mwandishi kuifuata nyuma.

 Waliokuja na karatasi zilizowashinda wazitoe sasa, tuzihesabu pamoja kuanzia namba iliyo mwisho wa mstari.